Ghala la Ziwa Katika Mji Usio na Ziwa

Watu wa Bunia waliponiuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nawajibu kwamba natunza mashua, nao wakicheka. Bunia iko juu, kwenye nyasi na upepo, na ziwa liko chini kabisa bondeni. Mvua ikinyesha, lori linaweza kumaliza nusu ya siku kwenye miteremko kabla hujaona maji. Hapa mjini maji yetu makubwa ni mto Nyamukau, ambao wakati wa kiangazi mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Lakini sikuwa nawadanganya. Kwenye ghala letu, nyuma ya boulevard, barabara kuu ya mji, kulikuwa na injini za mashua zilizosimamishwa kwenye mbao, nanga, nyavu, kamba nene kama mkono wangu. Kilichokosekana ni ziwa tu.

Ghala lilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja aliyelikodisha kwa vikosi vya ziwani, na sisi wafanyakazi tulikuwa raia watupu. Vitu vya mashua viliwekwa huku juu kwa sababu kule ufukoni vita vilipita mara nyingi, na kila vilipopita, maghala yalibaki kuta. Halafu ziwa lenyewe likapanda, likaingia ndani ya nyumba za watu bila kubisha hodi. Basi ikaamuliwa kila kitu kikae Bunia na kiteremke kidogo kidogo, kadiri mashua zinavyohitaji. Askari hata awe shujaa namna gani, akikosa mafuta ya injini, kamba na unga, atakaa ufukoni akitazama ndege.

Nililipenda lile ghala tangu siku ya kwanza, nasema bila haya. Lilijengwa zamani kwa ajili ya kahawa, na aliyelijenga alijua kazi yake. Sakafu iliinuliwa hadi kimo cha lori, ili wabebaji wasiiname wala kupanda. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, na juu, chini ya paa, kulikuwa na safu za matundu ambayo upepo uliingilia upande mmoja ukatokea upande wa pili. Milango ilikuwa miwili, mmoja wa kuingizia na mmoja wa kutolea, ili kinachoingia kisigongane na kinachotoka. Juu ya hayo kulikuwa na kanuni nilizofundishwa mimi: magunia yakae juu ya mbao na yasiguse ukuta, paka apate njia, kamba zitundikwe, mapipa ya mafuta yakae nje kwenye banda lao, mbali na chakula. Ghala la wakati wa vita halina ruhusa ya kulala usingizi. Simu ikilia, kitu kitoke.

Tatizo ni kwamba halikupangwa na yule aliyelijenga. Lilipangwa na sisi, na sisi tulikuwa watu walioporwa.

Mkubwa wetu wa ghala alikuwa mzee wa Djugu, mtu wa kanisa, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Kwao alikuwa na shamba na duka. Duka liliporwa, akalifungua, likaporwa tena, akalifungua tena, mwishowe likachomwa moto, naye akaja Bunia na mkewe na lile koti. Wabebaji wetu nao walikuwa na hadithi zilezile, hawa wametoka Djugu, hawa Bambu, mwingine Aveba. Hapakuwa na mtu ghalani ambaye hakuwahi kusimama kando akitazama vitu vyake vinapita mlangoni mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo mzee alipopanga ghala, alilipanga kama mtu anayewangoja waporaji. Mlangoni aliweka mchele, maharage na chumvi, vitu ambavyo ukiibiwa unalia siku moja unasahau. Katikati akaweka makopo ya rangi na mafuta ya injini. Nyuma ya hapo akajenga ukuta mwingine wa magunia mpaka karibu na paa, na nyuma ya ukuta huo, gizani, akaweka vitu vya thamani: injini mpya, kamba mpya, na kwenye kona ya ndani kabisa, jile.

Jile ni yale makoti mafupi ya rangi ya chungwa ambayo mtu huvaa asizame. Kule ziwani ni roho ya mtu. Mzee hakutaka mtu yeyote ajue kama tunazo.

Hakuna aliyempinga. Wote walitikisa kichwa wakasema ndivyo inavyopaswa, hata dereva, mtu mbishi kwa kila jambo. Nilipinga mimi mwanamke peke yangu, na wala haikuwa kwa hekima. Ilikuwa kwa hasira tu. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kutambaa juu ya magunia kila mashua ilipotaka plagi ya injini, nikitoka nimekuwa mweupe kwa vumbi la unga.

"Mama, mwizi anakamata ya mulangoni," mzee alikuwa ananieleza kwa upole. "Akiisha kubeba muchele, mikono imejaa. Hapana fika nyuma."

"Na siye, Papa? Siye nafika nyuma namna gani?"

"Polepole. Akiba haiozi."

"Na mficha uchi hazai, Papa."

Wabebaji waliangua kicheko. Mzee alinitazama juu ya miwani yake kwa muda, nikadhani nimevuka mpaka. "Huyu mutoto mwanamuke iko na kinywa!" akasema, kisha naye akacheka mpaka akatoa kitambaa. Lakini magunia hayakusogea.

Nilirudi nyumbani nikinung'unika, na nyumbani nikanyamaza, kwa sababu nyumba yetu ilipangwa vilevile. Sisi tulihamia Bunia kutoka upande wa Beni, mimi, mdogo wangu na mama yetu mjane. Mama alikuwa mshonaji wa mifuko ya shule. Siku tuliyokimbia aliacha sufuria, godoro na mbuzi, akabeba kichwani cherehani yake ya mkono, ile nyeusi yenye gurudumu la kuzungusha. Tangu tufike Bunia, cherehani hiyo ilikaa chumba cha nyuma, ndani ya sanduku, chini ya blanketi, nyuma ya maharage. Mama alishona kwa sindano ya mkono huku macho yake yakiharibika, kuliko jirani asikie mlio wa cherehani na kujua tunayo. Mara mbili mji ulipochafuka na tukaambiwa tukimbie, ilitoka, ikapanda kichwani pake, na hatari ilipopita ikarudi nyuma ya maharage. Kwetu cherehani kuonekana kwenye mwanga ilikuwa na maana moja tu. Na mimi mwenye kinywa kwa wakubwa wa kazi, kwa mama sikuwa na kinywa.

Mdogo wangu ndiye aliyetuletea kitoweo na kicheko. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alipanda lori mpaka Mahagi-Port, bandari ya kaskazini mwa ziwa, akanunua kwa wavuvi, akarudi kuuza Bunia, mtoto wake wa kike mgongoni, mtoto ambaye alikuwa bado ananyonya lakini tayari anajua kupigia kelele samaki. Safari moja alipofika kule, mapigano yakaanza katika Djugu na barabara ya kurudi ikafungwa. Tulifikiri ni ya juma moja. Majuma yalipita. Alilala darasani pamoja na wanawake wengine waliokwama, akila wale samaki aliokwenda kuuza.

"Yaya," alinipigia simu akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, "kila siku batu banafika na mizigo kwa kichwa. Siye nalala na viatu kwa miguu."

"Mutoto anakula?"

"Anakula. Anaogopa milio. Yaya, mama asijue."

Mama alijua. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sindano mkononi.

Asubuhi moja, nikiwa ghalani, mdogo wangu akanipigia tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ina haraka. Mashua ya ziwani ingekwenda Mahagi-Port kuwachukua waliokwama, kuwaleta Kasenyi, ufukoni chini ya Bunia, kwa maji, kwa kuwa nchi kavu haikupitika. Wanawake wenye watoto watangulie. Lakini ofisa wa mashua alikuwa ametuma sheria yake kwa simu, ikatangazwa mbele ya wote: asiyevaa jile hapandi, na mtoto naye avae ya mtoto. Miezi iliyopita mitumbwi ilikuwa imepinduka na watu wa Djugu waliokuwa wakikimbilia ng'ambo ya ziwa, na ofisa huyo ndiye aliyewaopoa. Sikuweza kumlaumu.

"Banasema jile iko kwenu Bunia," mdogo wangu alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tuma, Yaya."

Sikuwa nimeweka simu mfukoni vizuri wakati ya mzee ilipolia. Ofisa mwenyewe. Nilimwona mzee akisimama wima ndani ya koti lake, akisema ndiyo, ndiyo, zipo, ndiyo. Lori lilipaswa kuondoka kabla ya saa sita, kwa sababu barabara ya kuteremka Kasenyi inafungwa jioni, na mashua ingeng'oa nanga alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Ikikosa alfajiri hiyo, ilikuwa na kazi nyingine kusini, na hakuna aliyejua ingerudi lini kaskazini.

Mzee alikata simu. Alitazama ukuta wa magunia. Mimi nilimtazama yeye.

"Papa," nikasema, "mudogo wangu iko kule. Na mutoto."

 Alivua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Mabega yake yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani. Akashika pembe ya gunia la kwanza la mchele.

Tulibomoa ukuta wetu wenyewe. Wabebaji walipanga mstari, dereva akaingia, mlinzi wa lango akaacha lango, na mimi nikafunga kitenge kiunoni nikavuta magunia pamoja nao. Kila tulipotoa safu moja tulikuta nyingine, na kila gunia lililotoka lilipaswa kuwekwa mahali, na mahali hapakuwepo, kwa sababu mlango wa kutolea nao tulikuwa tumeuzibia na chumvi. Nikamtukana aliyepanga, kwa sauti, nikisahau kwamba aliyepanga yuko mbele yangu anatoa jasho. Dereva akacheka. Mzee akasema, "Endelea, mama, tukana, lakini vuta." Nikavuta. Machozi yalikuwa yananitoka na nilidai ni vumbi la unga.

Tukazifikia jile za watu wazima. Zilikuwa zimelala chini ya mbao zilizobeba magunia, na zilikuwa zimebanwa mpaka zimekuwa nyembamba. Jile ndani yake ina kitu laini chenye hewa. Ukiibana muda mrefu, hewa inatoka, na hapo inakuwa nguo tu. Tulizikung'uta, tukazipiga, nyingine zikaanza kuvimba kidogo, nyingine zikabaki vilevile.

"Tutajua namna gani ya kuelea na ya kuzama?" dereva akauliza. "Hapa ziwa haiko."

Uani tulikuwa na tangi la saruji la maji ya mvua, refu kufika kifuani. Nikaanza kuvua viatu, maana mimi ndiye mzito kuliko wote pale na sikuona aibu. Mzee akanisukuma kando. Alivaa jile juu ya shati lake la kanisa, akafunga mikanda, akapanda ukingo wa tangi, mtu wa milimani ambaye maji ya kina aliyaona kwa mbali tu maisha yake yote. Akafanya ishara ya kuomba, akaingia, akakunja miguu.

Akaelea.

Alielea kama chupa, kichwa juu, miwani imelowa, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka. Wabebaji walipiga makofi, wengine wakaimba. "Lete ingine!" akapiga kelele kutoka majini, na tukamletea nyingine, na nyingine. Iliyomshusha hadi puani tuliitupa upande huu, iliyomshika tuliiweka upande ule. Alipotoka alikuwa anatetemeka meno, lakini rundo la zile nzima lilikuwa kubwa kuliko tulivyoogopa. Watu wazima walikuwa wamepata.

Zilibaki za watoto. Hizo mzee mwenyewe alikwenda kuzitoa, na hakutaka mtu amsaidie. Zilikuwa kwenye kona ya mwisho, hazikuwekwa chini ya kitu chochote. Alikuwa amezitundika mahali pa peke yake na kuzifunika kwa turubai jipya, mikunjo imepigwa vizuri kama kitambaa cha Meza ya Bwana kanisani. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ameziweka mbali kuliko vyote kwa sababu alizipenda kuliko vyote. Wabebaji walijua nami nilikuja kuambiwa baadaye: mjukuu wake alikuwa katika mtumbwi mmojawapo wa ile mitumbwi. Hakuwahi kusema habari hiyo ghalani, wala siku ile hakusema.

Alifunua turubai. Jile zenyewe zilikuwa nzima, nene, zimejaa hewa. Mikanda yake ilikuwa imetafunwa. Kwenye kona ile paka hakufika, upepo haukufika, mtu hakufika, lakini panya alifika. Vipande vya mkanda vilibaki vikining'inia, na jile isiyofungwa kwa mtoto inatoka kichwani akigusa maji tu.

Mzee alikaa chini juu ya sakafu, na maji ya tangi yakachuruzika kutoka kwenye suruali yake. "Mi nilificha," alisema. "Mi nilificha muzuri."

Nilikuwa na maneno mengi kinywani, nikayaacha yote. Nikamshika bega nikamwambia, "Papa, mikanda iko. Ya zile zilizoharibika. Tunakata, tunashona."

"Nani atashona mukanda munene hivi? Sindano ya mukono itavunjika."

Nikatoka mbio kutafuta pikipiki. Nilimkuta mwenye pikipiki langoni, nikamwambia anipeleke Nyakasanza, mtaani kwetu, na upesi.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, mashua, sheria, panya, na nikamaliza kwa neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka kwa sauti nyumbani kwetu mchana kweupe: cherehani.

Alitazama barabara kushoto na kulia. "Batu bataona," akasema.

"Bataona, mama."

"Mchana hivi?"

"Mama, mutoto hapana panda mashua bila mukanda."

 Niliona mikono yake ikifunga na kufungua juu ya magoti, ile mikono iliyobeba chuma kile kutoka kwetu. Nilikuwa tayari kulia, kupiga magoti, hata kumkosea adabu. Haikuhitajika. Akainuka, akaingia chumba cha nyuma, na nikamsikia akisema kwa sauti ya kunigombeza, "Unasimama nini? Ondosha maharage."

Tulipita mjini watatu juu ya pikipiki moja, mwenyewe mbele, mimi katikati nimekumbatia cherehani, mama nyuma ameshika mifuko ya nyuzi na sindano nene za mifuko ya shule. Hatukukumbuka kuchukua blanketi la kuifunikia. Gurudumu lake liling'aa juani boulevard nzima. Wauza mkate walitazama. Askari wa njiapanda alitazama. Jirani yetu mmoja, mwenye kuuza mkaa, alisimama akapaza sauti, "Mama, kumbe unashona!" Mama hakugeuka. Lakini baada ya kupita nilisikia mgongoni mwangu kitu kama kicheko kidogo.

Ghalani walikuwa wamekwisha kuweka meza mlangoni, kwenye mlango wa kutolea, kwa kuwa ndani palikuwa na giza. Mama alikaa. Mzee akakata mikanda kutoka kwenye jile mbovu, mimi nikaishikilia mahali pake, mama akazungusha gurudumu. Mashine ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi, ikalia kwa uchungu, ikakwama. Mama akasonya, akaomba mafuta. Mafuta! Ghala zima la mafuta ya injini za mashua lilikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza yalikuwa yanafikika. Dereva akaleta kopo, mama akadondosha tone hapa na tone pale, akazungusha tena, na ile sauti ya utoto wangu ikaanza, taka-taka-taka, bila kusita. Kila mkanda mama alioumaliza, mzee aliuvuta kwa nguvu zake zote, akiweka mguu mezani. Hakuna uliong'oka.

"Mama," mzee alimwambia baada ya kuvuta wa mwisho, "Mungu akubariki."

"Atubariki siye yote," mama akajibu. "Na weye vaa koti, utashikwa na baridi."

Lori liliondoka limechelewa kidogo, jua likiwa limepita utosi, dereva akipiga honi njia nzima ya boulevard. Tulisimama mlangoni mpaka sauti yake ikaisha.

Nilimrudisha mama nyumbani. Nilibeba cherehani kuipeleka chumba cha nyuma, maana maharage yalikuwa bado yamemwagika sakafuni na sanduku liko wazi. Mama akanishika mkono.

"Weka apa," akasema, akionyesha kizingitini. "Apa iko na mwangaza."

"Batu, mama."

"Baliisha kuona."

Akakaa nayo pale. Siku iliyofuata nilipokwenda kazini nilimwacha pale, na niliporudi alikuwa pale, na jirani muuza mkaa alikuwa amemletea gauni la shule la binti yake lenye pindo lililofumuka. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Mtandao wa ziwani una mambo yake, nilimwambia mama. Naye akaitikia, akaendelea kuzungusha. Ghalani nako tulikuwa tunahamisha. Mzee ndiye aliyeanza, hakungoja nimwambie. Mchele na chumvi viliingia nyuma, ambako ndiko mahali pa vitu visivyo na haraka, na mlango wa kutolea ukafunguka tena. Kwenye ukuta wa karibu na mlango huo alipigilia misumari mirefu, safu ya juu kwa wakubwa, safu ya chini kwa watoto. Misumari ilikuwa mitupu bado. Kila alipopita alikuwa anaigusa.

"Na mwizi akikuya, Papa?" nilimchokoza.

"Akikuya, ataona tuko na vitu," akasema. "Na batu ya ziwa pia bataona. Hao ni wengi kupita mwizi."

Lori lilirudi mchana wa siku ya tatu, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Nilikuwa juu ya ngazi nikitundika kamba. Nikasikia honi, nikageuka, nikaona nyuma ya lori rangi ya chungwa imerundikwa, na juu ya rundo, akiwa amekaa kama bibi harusi, mdogo wangu. Sijui nilishuka ngazi kwa namna gani. Alinuka samaki, petroli na jasho, na nilimshika mpaka akalalamika. Mtoto alikuwa mgongoni bado amevaa jile yake, imemfika mashavuni, na mtu yeyote aliyejaribu kumvua alipigwa kelele ya kutosha kufukuza waporaji wote wa Ituri. Mzee alikuja taratibu. Alishika ule mkanda wa kifuani mwa mtoto, akauvuta mara moja, akaachia.

"Umeshika," akasema. Akageuka upesi kwenda kutundika zile nyingine, na hakuna aliyemfuata.

Nilimpeleka mdogo wangu nyumbani kwa miguu, alitaka kutembea kwenye ardhi isiyotikisika. Njia nzima alisimulia yeye na kucheka yeye: jinsi mashua ilivyoruka, jinsi wanawake walivyoimba zaburi na kutapika kwa zamu, jinsi mtoto alivyolala usingizi katikati ya ziwa kama yuko kitandani. Mimi nilimtazama mdomo nikasahau kabisa kumwambia jambo moja.

Tulipokata kona ya kwetu alisimama ghafla. Kicheko kilimtoka usoni. Mlango wetu ulikuwa wazi, na mbele yake, kwenye mwanga, cherehani.

Alimvuta mtoto mbele, akamkumbatia, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani, na sauti aliyoitoa nilikuwa sijaisikia tangu ile siku tuliyokimbia kwetu. "Mama! Siye nakimbia tena? Mama!"

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye gauni la mtoto wa jirani. Aliwaona wote wawili, binti yake mwenye matope na mjukuu wake ndani ya koti la rangi ya chungwa. Akaondoa mkono kwenye gurudumu, akasogea kizingitini kuwapa nafasi. 

"Hapana," akasema. "Siye nashona. Njo ukae."